Riwaya ya Lazima Ilipofika Sangailu

Mwaka ule nilichoka hata kabla ya muhula kuanza. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana hapa Garissa, shule ya serikali yenye bweni, na riwaya iliyokuwa ya lazima kwa mtihani wa kitaifa nilikuwa nimeifundisha miaka mingi hata sikuhitaji tena kuifungua. Walimu wenzangu waliotoka bara, wale ambao wakienda likizo wasichana husema wameenda Kenya, waliondoka mmoja mmoja hali ya usalama ilipoharibika, na wengi wao hawakurudi. Somo la Kiswahili likabaki mikononi mwangu peke yangu. Asubuhi nilisoma sura ya kesi na darasa moja, baada ya mapumziko nikaisoma tena na darasa jingine, na baada ya swala ya adhuhuri, joto likiwa limeshika mabati, nikaisoma na wasichana waliokuwa wanasinzia macho wazi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilijisikia kama mtu anayesoma tangazo.

Riwaya yenyewe ilimhusu mtu mmoja wa milimani, huko kwenye mashamba ya chai, aliyepewa cheo baada ya uhuru akakitumia kuwanyang'anya majirani ardhi waliyoifyeka pamoja. Binti yake wa pekee, ambaye amemsomesha mwenyewe, anaugundua ulaghai huo na kuamua kwenda kutoa ushahidi mahakamani. Asubuhi ya kesi baba anasimama mlangoni kumzuia, na binti anamwambia, "Baba, nimepita njia zako zote; leo nipishe nipite yangu." Baba anamlaani. Binti anakwenda, majirani wanarudishiwa mashamba yao, na mzee anabaki peke yake katika nyumba kubwa. Mwongozo ulisema binti ni shujaa, ni mzalendo, ana msimamo thabiti. Dondoo hilo la mlangoni lilikuwa limetokea katika mitihani ya majaribio tena na tena, kila msichana analijua kama jina la mamake.

Kuifundisha riwaya hiyo hapa kwetu ilikuwa kazi ya namna yake. Wasichana wangu walijua malisho na visima, hawakujua hati ya shamba. Nilipoeleza ukungu unaoshuka alfajiri mpaka mtu haoni ng'ombe wake, mmoja aliuliza huo moshi ni wa nani. Halafu kulikuwa na matamshi. Kisomali hakina p, wala v. Mtoto anasoma vita, inatoka fita. Anasoma kupanda, inatoka kubanda. Mwanzoni mwa kazi nilikuwa nawasimamisha na kuwarudisha nyuma, herufi kwa herufi. Baadaye niliacha. Mtihani ni wa kuandika, nilijiambia, na pumzi yangu ina mwisho.

Mimi mwenyewe ni Msomali, mzaliwa wa mtaa wa Galbet hapa mjini. Mama yangu aliuza maziwa sokoni, na Kiswahili nilikipata kwake, kwa jinsi alivyowaita wateja wa bara na kubishana nao bei huku wote wanacheka. Kwangu ilikuwa lugha ya asubuhi, ya watu wanaotaka kitu na kukipata. Nilipokwenda chuoni kuisomea, jamaa waliuliza kama masomo mengine yalikuwa yamekwisha. Nilidhani ninaijua sehemu yake katika maisha ya watu wetu. Niliijua sehemu ya soko.

Katika kidato cha tatu mwaka huo kulikuwa na msichana wa kutoka Sangailu, kijiji cha wafugaji, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukunja pembe ya jilbabu lake kidoleni akisoma. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Nikimwita asome kwa sauti alisimama akasoma mpaka nimkataze, bila kupanda wala kushuka, kama anayetembea jangwani na kujua bado ni mbali. Sikumfikiria sana. Kwa madarasa niliyokuwa nayo, msichana asiyesumbua ni baraka, na baraka haimulikwi tochi.

Baada ya likizo ya Agosti alirudi shuleni mapema kuliko wenzake. Hilo niliambiwa na matroni, nikasema vizuri, nikaendelea na kazi.

Muhula ulikuwa umefika katikati mama yake alipokuja. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha walimu nasahihisha insha, feni inazunguka na kutoa mlio bila upepo. Aliingia akiwa na vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Nilimpa kiti, akakikataa, akakaa kwenye mkeka tunaoswalia. Tukasalimiana kwa Kisomali kama inavyopasa: watu, mifugo, mvua, amani. Mvua hakuna, akasema, mengine Alhamdulillahi. Kisha akaniangalia vizuri.

"Abaayo, dada yangu, ni wewe uliyempa binti yangu maneno?"

Nikamuuliza maneno gani. Hakuweza kuyarudia, kwa kuwa hakujua Kiswahili. Alikuwa ameshika mawili tu, baba na njia. Nilielewa hapo hapo ni yapi.

Akanieleza yaliyotokea. Ukame ulikuwa umewalazimisha kugawa ng'ombe, na wengine wangepelekwa mbali na kijiji. Yeye mwenyewe mgongo ulikuwa hauna nguvu tena, na binti mkubwa ameshaolewa. Siku moja wakaja wageni, wazee wa jamaa, kupanga safari ya mifugo. Msichana akaingia na chupa ya chai akamkuta babake anawaambia wageni kwamba huyu mtoto hatarudi shule, amesoma vya kutosha, atabaki kumsaidia mamake. Msichana akaweka chupa chini. Akasimama wima mbele ya wanaume wale wote, akamwambia babake maneno kwa Kiswahili. Baba hakumpiga, wala hakumjibu. Aliinuka akatoka, akaenda kulala kwenye boma la ng'ombe. Tangu siku ile hakumsemesha binti yake, na hata mkewe alimsemesha kwa shida. Kabla hajarudi kutoka malishoni, mama alimpandisha msichana kwenye lori la kuja Garissa. Sasa naye ametoroka nyumbani kwa kisingizio cha kuja kumwona daktari wa mgongo.

Nitasema ukweli juu ya nilichokihisi kwanza. Nilifurahi. Miaka yote ile niliyosomesha kitabu kile, sikuwahi kumwona mtu akikitumia kwa jambo lolote nje ya chumba cha mtihani. Furaha yenyewe haikukaa, kwa sababu mama yule alikuwa anaendelea kuniangalia, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

"Nisomee hicho kitabu," akasema. "Chote."

Nikamwambia ni kirefu. Akasema lori la kurudi ni kesho.

Basi nikamsimulia. Sikuwahi kuisimulia riwaya ile kwa Kisomali, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa fupi. Mambo niliyokuwa nawafundisha wasichana kwa wiki nzima, taswira na jazanda na kinaya, yote yalianguka njiani. Ukungu niliuruka. Walibaki mtu na majirani zake, na binti yake, na mlango. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akiitikia kwa koo kila nilipopumua, kama watu wetu wanavyomwitikia msimulizi. Kuhusu ule wizi wa ardhi hakushangaa hata kidogo. Alisema wapo wa namna hiyo, nao huwa ni watu wa kuswali safu ya mbele. Nilipofika kwenye laana akaniinulia mkono ninyamaze.

"Astaghfirullah. Baba amemlaani kweli? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Na nani aliyeiondoa hiyo laana?"

Nikamwambia hakuna. Binti aliishi nayo, akarudi kijijini, watu wakamheshimu. Mama akatikisa kichwa pole pole.

"Basi aliyeandika hana wazazi," akasema.

Sikubishana naye. Mwongozo ungenitaka niseme kwamba laana ile ni ishara ya ukoloni mamboleo. Nilikuwa nimeandika hivyo ubaoni mara nyingi, kwa chaki na kwa imani ndogo.

Akaniomba nimpigie simu mumewe. Alisema yeye akimpigia, mazungumzo yanaishia kwenye ng'ombe. Maneno yametoka kwangu, kwa hiyo mimi ndiye wa kuyajibu. Nilitaka kumwambia kwamba mwalimu haingilii mambo ya nyumba ya mtu, kwamba kuna mwalimu wa ushauri nasaha, kwamba insha hizi zinahitajika kesho. Nilikuwa nimechoka kupita kiasi cha kutafuta sababu. Nikachukua simu yake, nikapiga.

Alikuwa mahali penye mtandao mzuri, nasikia ndama wakilia nyuma yake. Nilijitambulisha kuwa mwalimu wa binti yake, na tukasalimiana kwa Kisomali, kwa urefu. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotarajia. Nikamwambia mkewe yuko hapa, naye hakuonyesha kushangaa. Akasema yeye hana ugomvi na shule. Kama angekuwa nao asingempeleka mtoto kuanzia darasa la kwanza wakati wenzake wote wanamcheka. Jambo la kubaki nyumbani lilikuwa la dharura tu, na mtoto angemwomba kwa adabu, usiku wakiwa peke yao, wangezungumza.

Kisha akawaondokea ndama, sauti zao zikafifia. 

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu wetu. Nitakuuliza. Kiswahili umekijulia wapi?"

Nikamwambia sokoni.

"Mimi nimekijulia kifudifudi. Nilikuwa kijana. Tulilazwa mchangani kutwa nzima, mikono kichwani, na askari wanatembea katikati yetu. Maneno mengi sikuyajua. Nililijua moja, kwa sababu lilikuwa linarudiwa. Unabisha? Unabisha? Ukisema ndiyo, unapigwa. Ukisema hapana, umebisha, unapigwa. Sasa nimekaa na wageni wangu, binti yangu anasimama, haniiti Aabo, ananiita Baba. Na ananiambia nibishe. Kwa lugha ile."

Mama alikuwa amenisogelea, anajaribu kusikia. Nikabaki nimeshika simu nikitazama insha zilizorundikana mezani. Msichana alikuwa amesema leo nipishe. Alilisema kwa kinywa cha kwetu, p ikatoka b, na mzee akasikia neno alilolijua. Nami kosa lile nililisikia darasani kila siku, nikaliacha lipite kwa kuwa halina alama.

Nikamweleza. Nilimwambia neno lilikuwa kupisha, si kubisha. Kwamba ni herufi moja tu, na sisi Wasomali herufi hiyo hatuna. Akaniomba nilitamke tena. Nikalitamka. Akalijaribu mwenyewe, likatoka lile lile la askari, akacheka kidogo bila furaha.

"Na hilo la kwako maana yake nini?"

"Kumwachia mtu njia apite."

 Nyuma yake mtu alikuwa anaita mnyama.

"Hata hilo mtoto hamwambii babake mbele za watu," akasema. "Lakini si lile. Sawa, si lile."

 Sikumweleza habari za mama yangu na maziwa. Isingemsaidia kujua kwamba kuna mtu aliyeipata lugha hiyo kwa kicheko.

"Niitie yeye," akasema mwishowe. "Aniambie tena. Kwa lugha yetu."

Nikamtuma matroni darasani. Msichana alipofika mlangoni na kumwona mamake kwenye mkeka, alisimama kama aliyekanyaga mwiba. Nilimpa simu nikamwambia ni babake, anataka kusikia kutoka kwake, kwa Kisomali. Nilitaka kutoka nje niwaachie chumba, lakini alinishika mkono, akauweka kwenye kiwiko chake.

"Aabo," akasema.

 Nilimwona akitafuta. Msichana aliyekuwa na dondoo zima kichwani, anayeweza kueleza muktadha wake na kutaja sifa za msemaji, hakuwa na neno. Machozi yakaanza kushuka, hakuyafuta. Babake upande wa pili hakumharakisha. 

"Aabo, nataka kumaliza shule," akasema mwishowe. "Nikimaliza nitarudi. Hooyo mgongo unamuuma, najua. Nataka kumaliza."

Alisikiliza. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba anaonekana. Akatikisa tena. Kisha akampa mamake simu, na wale wawili, mume na mke, wakazungumza kwa muda mrefu juu ya ng'ombe mmoja aliyekataa kunywa maji. Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. Alikuwa anamgombeza mumewe kuhusu dawa ya ng'ombe, na nilijua kutokana na ugomvi ule kwamba nyumba imeanza kusema.

Nilimuuliza msichana amejibiwa nini. Amesema tusubiri mvua, akanijibu. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Tukatoka naye kibarazani. Nilimuuliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, kwa nini alisema kwa Kiswahili. Angeweza kusema kwa lugha ya nyumbani na kila mtu angeelewa. Alikunja pembe ya jilbabu lake kidoleni.

"Kwa Kisomali ningekuwa mimi," akasema. "Kwa Kiswahili ilikuwa ni yule msichana wa kitabu. Nilidhani laana ikija itampata yeye."

Nimefundisha fasihi miaka mingi, na hilo swali la kwa nini watu wanasoma vitabu nimelisikia likijibiwa na wataalamu katika semina za joto kali na maandazi baridi.  Nilimwambia arudi darasani, kipindi cha hesabu kilikuwa bado hakijaisha.

Mama alilala bwenini kwa matroni, na asubuhi nilimpeleka kwa tuktuk mpaka mahali malori yanapopakia. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru. Alinishauri nipunguze chai ya rangi, uso wangu umekauka. Akapanda mbele, kando ya dereva, akaweka kitambaa nyuma ya kiuno, wakaondoka.

Mvua haikuwa nyingi msimu ule, lakini ilinyesha. Januari shule ilipofunguliwa msichana hakuonekana. Wenzake wa kidato cha nne walikuwa wameshaanza marudio, kitanda chake kikapewa mtu mwingine, nami nikaanza kuzoea, kama tunavyozoea kila mwaka. Wasichana wa namna hiyo huondoka na hakuna anayegonga kengele. Ndipo asubuhi moja nikaitwa langoni. Alikuwa amesimama na sanduku lake la bati, na kando yake mwanamume mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina, ameshika bakora yake kwa mikono yote miwili. Hakutaka kuingia. Aliweka mkono kifuani kunisalimu.

Akaniuliza kama mwaka huu pia watasoma kitabu kile.

Nikamwambia ndiyo, ni cha lazima, serikali ndiyo inayochagua.

"Haya," akasema. Akamgeukia binti yake, akamwambia jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulisikia, akaondoka kuelekea barabarani bila kutazama nyuma.

Yule msichana alimaliza. Katika mtihani wa kitaifa dondoo la mlangoni halikuja; lilikuja swali la taswira ambalo hakuna aliyelitarajia, na matokeo ya Kiswahili yakawa ya wastani kwa shule nzima, na mimi nikaitwa ofisini kueleza. Yeye alipata alama za kuingia chuo cha ualimu wa msingi. Siku hizi anafundisha shule ya msingi huko Kotile, siku moja ya safari kutoka kwa wazazi wake mvua ikiwa haijakata barabara. Ameolewa, ana mtoto. Alipita kuniona likizo iliyopita. Nilimuuliza anafundisha somo gani, akasema hesabu na sayansi. Kiswahili walimpa akakirudisha.

"Kinachosha, mwalimu," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, p na v zote mahali pake. Tulicheka sana. Nikamuuliza habari za babake, akasema mzee yupo, macho hayaoni vizuri, na kwamba yule ng'ombe wa maji alikufa zamani.

Sasa mfumo wa elimu unabadilika, na riwaya ile inaondoka pamoja na mfumo wa zamani. Tumeambiwa vitabu vingine vitaletwa. Wengine wameshaviona Nairobi, sisi bado. Wiki iliyopita nilifundisha sura yake ya mwisho kwa darasa la mwisho. Sikuandaa hotuba. Koo langu siku hizi halifiki nyuma ya darasa, kwa hiyo nilimpa msichana wa mbele asome, nami nikakaa dirishani nikifuata kwa macho. Alikuwa hajamaliza ukurasa boza la maji lilipoingia langoni, na wote wakageuza shingo, maana mabomba yalikuwa makavu tangu Jumamosi na ndoo zilikuwa zimeshapangwa foleni nje ya bweni. Walinitazama.

Niliwaambia waende, wachote kwanza. Zilibaki aya chache tu.

Nikakusanya nakala zilizoachwa juu ya madawati, nikazipanga kabatini, nikaketi kidogo kabla ya kipindi kingine.